Mwaka Baba Alipoacha Kufundisha Dini

Mwezi uliopita nilipanda Kibosho kwa komunyo ya kwanza ya mjukuu wa mdogo wangu. Nilikuwa sijafika huko muda mrefu. Magoti yangu hayapatani tena na miinuko, na barabara ya siku hizi ina mashimo mengi kuliko njia tuliyokuwa tunapita kwa miguu. Kanisa ni jipya, la tofali za saruji na bati la bluu. Padre alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Akawauliza watoto waliovaa nguo nyeupe, maskini wa roho ni mtu wa namna gani? Kitoto kimoja cha mbele kikajibu kwamba ni mtu asiyejivuna, anayekaa nyuma. Padre akasema vizuri sana, na watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Sina ubishi na yule mtoto, maana hata mimi nilipokuwa na umri wake ningejibu vile vile. Ila nilimkumbuka mtu aliyependa kukaa nyuma siku zote, na bado akawa na kiburi kumshinda mangi yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha uchifu. Mtu huyo alikuwa baba yangu. Nikaona, msomaji wangu, kwamba nisipoyasema haya sasa basi nitakwenda nayo.

Enzi hizo alitawala Mwingereza, lakini sisi watoto tulitawaliwa na kahawa na ng'ombe. Asubuhi niliamshwa na sauti ya maji ya mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshuka kutoka msituni na kupita nyuma ya kihamba chetu, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, kuteka maji, na kumenya ndizi za supu ya mtori mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Nyumba ilinuka moshi, samadi na ndizi mbivu zilizofunikwa kwa ajili ya pombe ya mbege. Harufu hiyo ikinipata leo, popote nilipo, nasimama.

Baba alikuwa mwalimu wa dini wa kigango chetu. Misheni ilikuwa mbali, na padre, Mzungu mwenye ndevu za kijivu, alitufikia mara moja kwa mwezi kwa pikipiki yake. Jumapili nyingine zote baba ndiye aliyesalisha. Na watu walimsifu sana kwa unyenyekevu. Alivaa kanzu yenye viraka wakati mama alikuwa amemshonea nyingine nzuri iliyolala sandukuni. Alikuwa na viatu, akatembea pekupeku. Kwenye sherehe alitafuta nafasi ya mwisho kabisa, karibu na zizi, mpaka wazee wenyewe wamfuate na kumvuta mbele. Mtu akimsifu alijibu, "Mimi si kitu." Neno hilo alilisema polepole, macho chini. Mimi niliyekaa karibu naye niliona jinsi uso wake ulivyotulia akishalisema, kama mtu aliyekunywa maji baridi.

Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amebatizwa uzeeni na hakuwahi kuyamaliza maswali yote ya katekisimu. Siku moja alimtazama baba akikataa kiti, akaniambia huku anachambua maharage, "Mwanangu amejifunza sana kuinama. Kuanguka bado hajajifunza." Nilidhani ni maneno ya uzee.

Jirani yetu wa upande wa mfongo alikuwa mama mjane. Mume wake alishuka tambarare kutafuta mahindi, akarudi na homa, akafa. Hawakuwa wamepata mtoto, na kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume akifiwa na mume hana lake katika kihamba. Desturi ikawa kama ilivyokuwa kwa wengine: shemeji yake, mwenye mke tayari, akamrithi. Mama yule alikubali, maana kwao walikuwa wameshakufa wote isipokuwa shangazi mmoja aliyelima huko Mabogini.

Kwa sheria ya kanisa alikuwa ameingia katika ndoa isiyo ndoa, akanyimwa sakramenti. Padre alimwambia hilo kwa upole na akamwambia aendelee kusali na wenzake. Baba aliongeza la kwake. Alimwondoa kwenye mabenchi. Tangu hapo mama jirani alikaa nje ya mlango, juu ya jiwe, chini ya mchirizi wa paa. Kila Jumapili alikuja. Tulimsikia akiimba huko nje, nusu mstari nyuma yetu, maana maneno ya baba hayakumfikia sawasawa.

Masika ya mwaka ule alijifungua mtoto wa kiume.

Wewe uliyekulia kule unajua mzazi alivyotunzwa. Miezi mitatu hashiki jembe. Anapikiwa mlaso wa damu na maziwa, anapikiwa mtori wenye siagi, anang'aa mpaka watu wanamtania. Mama jirani hakupata hayo. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kufa, na mke mwenzake hakutaka hata kuivuka mipaka ya migomba. Wiki ya pili tulimwona amebeba mzigo wa majani kichwani mvuani. Bibi akaanza kunituma kwake na kibuyu cha mtori nilichokificha chini ya kanga. Baba hakuambiwa. Mama alijua, akajifanya hajui.

Ndipo nilipomzoea yule mtoto. Alikuwa mdogo mno, ngozi imelegea miguuni, na alinyonya kidogo na kusinzia. Hakuwa na jina bado. Mama yake alisema atapata jina siku ya ubatizo.

Asubuhi moja alikuja kwetu mwenyewe, mtoto mgongoni. Mkononi alishika jani la sale, lile jani refu la mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Kwetu mtu akikuletea sale amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Baba alikuwa uani ananoa panga. Mama jirani alipiga magoti kwenye matope.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Nimekosa, mwalimu. Naomba mtoto wangu abatizwe. Hanyonyi tena vizuri."

"Utoke kwanza kwenye nyumba ya shemeji yako."

"Nikitoka nitalala wapi?"

"Mimi siwezi kulijibu hilo," baba akasema. "Mimi si kitu, mama. Sheria si yangu."

"Basi pokea hili jani tu."

"Hayo mambo ya kipagani niondolee. Muombe Mungu, usiniombe mimi."

Baba akainuka, akamfunua mtoto uso, akamtazama kidogo. Akasema ni mafua, padre atakuja mvua ikipungua na barabara ikapitika. Mama jirani alibaki amepiga magoti muda mrefu hivi. Kisha akainuka na jani lake, magoti yamejaa tope, akaondoka. Baba akarudia kunoa panga. Bibi, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani na hakutoka mpaka jioni.

Siku nne baadaye nilipeleka kibuyu mchana. Mvua ilikuwa inapiga majani ya migomba kwa kishindo. Mama jirani aliniomba nimshikie mtoto aende kumkatia ng'ombe wa shemeji majani, maana walikuwa wamemgombeza. Nikakaa karibu na moto, mtoto mapajani. Baada ya muda niliona kifua chake kinaingia ndani sana kila akivuta pumzi. Halafu kikasimama. Halafu kikavuta tena. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumeimba majibu yetu ya katekisimu mbele ya baba, yeye na fimbo yake. Nani aweza kubatiza? Padre ndiye abatizaye, lakini kukiwa na hatari ya kufa mtu yeyote aweza. Nilikuwa na miaka kumi. Niliita mara mbili, "Mama, mama," na mvua ikameza sauti yangu. Nikachota maji kwenye chungu kwa kata, nikayamimina kichwani mwake mara tatu. Sikuwa na jina la kumpa, nikasema, "Mtoto, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hakulia. Alikunja uso tu, kama mzee aliyeguswa na baridi. Nikamfuta kwa kanga yangu. Mama yake aliporudi nilimkabidhi mtoto, nikakimbia nyumbani bila kuaga.

Kulipokucha tulisikia kilio ng'ambo ya mfongo.

Yule shemeji alikuja kwa baba kuomba nafasi kwenye makaburi ya kigango. Nilikuwa pale pale, nafungua mzigo wa majani zizini, hatua kumi kutoka walipo.

"Alibatizwa?" baba akauliza.

"Wewe ndiye unayejua, mwalimu."

"Basi hana nafasi. Makaburi yale ni ya waliobatizwa."

Ningeweza kusema. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikusema. Nilimwogopa baba, hilo ni kweli. Nilijua nimeshika kazi yake bila ruhusa, na fimbo niliijua. Lakini kulikuwa na jingine. Shemeji alikuwa amesimama mbele yake na kofia mkononi, na baba alikuwa ameinamisha macho kwa ule upole wake, na mimi sikutaka aonekane mwongo. Nikaendelea kupanga majani. Walimzika mtoto nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Nilisikia jembe likigonga jiwe, likaacha, likaanza tena pembeni.

Mvua zilipokatika padre alikuja. Tuliungama mmoja mmoja, nami nikamweleza. Akaniuliza kama maji yalimgusa mtoto kichwani. Nikasema yalimgusa.

"Kubatiza si dhambi, mtoto wangu," akasema kwa Kiswahili chake kizito. "Kosa lako ni kunyamaza. Mwambie baba yako leo, kabla mimi sijaondoka. Mimi siruhusiwi kumwambia siri ya maungamo."

Baada ya misa nilimkuta baba peke yake kanisani, anakunja kitambaa cha altare. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni ili niweze kukimbia. Hakuinua mkono. Alianza kuniuliza maswali kama darasani.

"Ulimwaga maji wapi?"

"Kichwani."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ulisema maneno gani?"

Nikayasema.

"Na jina?"

"Nilimwita Mtoto."

Alikuwa anaendelea kukikunja kile kitambaa, kikawa kidogo, kikawa kama kiganja, na bado anakikunja. Akaniuliza nilikuwa na nia gani moyoni, maana nia pia ilikuwa jibu mojawapo. Nikamwambia sijui nia. Sikutaka afe vile, basi. Baba akakaa chini sakafuni, pale pale alipo, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Alijua ubatizo ni halali kabisa. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Alijua pia kwamba siku ile mama yule alipopiga magoti uani, maji yalikuwa kwenye ndoo pembeni ya jiwe la kunolea, na neno lilikuwa kinywani mwake.

Alimwahi padre akiwa ameshapanda pikipiki. Sikusikia walichosema. Niliona padre akiizima, akishuka, na wote wawili wakapanda kwa mama jirani, mimi nyuma yao. Padre akalibariki lile kaburi dogo. Baba alimshikia ndoo ya maji ya baraka. Mama jirani alisimama mbali. Walipomaliza alinijia mimi.

"Kumbe ulimbatiza."

"Ndiyo, mama."

"Ulimpa jina gani?"

Nikamwambia. "Basi huko aliko wanamwita Mtoto tu," akasema. Akanishika kichwa. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

Kesho yake baba alikata sale mpakani mwetu, akavuka mfongo. Nilimfuata kwa mbali.

"Mwalimu, hayo majani umeyatoa wapi?" mama jirani akamuuliza.

"Kwangu."

"Wewe uliniambia ni ya kipagani."

"Nilikuambia."

"Sasa je?"

"Sina kitu kingine cha kukuletea."

Alimtazama baba. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka. "Nikilipokea nimesamehe, ndiyo desturi," akasema. "Na mimi sijasamehe. Siwezi kudanganya, mtoto yuko pale anasikia." Akaingia ndani. Baba alisimama na jani lake mpaka jua likawa kali, kisha akarudi.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu na kusema yote. Hakutafuta maneno. Alisema mtoto aliletwa kwake, akamkataa, mtoto akafa, akakataa kumzika, na mtoto alikuwa amebatizwa. Alisema mlango ule alimfungia mama yule yeye mwenyewe, si padre. Halafu nikaanza kusikia mnong'ono kwenye mabenchi ya akina mama, na mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akasema kwa sauti, "Mnamwona mwalimu wetu anavyojishusha. Hakuna kama yeye."

Sitausahau uso wa baba. Alimtazama yule mzee kama mtu aliyepigwa. Hata aibu yake walikuwa wameifanya sifa. Akaweka kitabu juu ya benchi, akatoka nje, akapita jiwe la mlangoni lililokuwa tupu siku hiyo, akaenda nyumbani. Hakufundisha tena. Padre alimsihi mara nyingi, baadaye akamweka mwingine. Na lile neno lake, kwamba yeye si kitu, sikulisikia tena kinywani mwake. Mtu akimsifu kwa lolote alinyanyuka na kuondoka, hata kama chakula kilikuwa mezani. Watu wakasema amekuwa na kiburi.

Kwa mama jirani aliendelea kwenda kila wiki na jani bichi. Kila wiki lilikataliwa. Wengine walimcheka waziwazi. Mama yangu alimwambia aache, anaidhalilisha nyumba. Bibi tu ndiye aliyemwekea chakula akirudi.

Kahawa ilipokwisha kuchumwa, ukoo wa yule shemeji ulikaa kikao. Mtoto alikuwa amekufa, kwa hiyo mama jirani hakuwa na wa kumshikilia pale, na yule mke mwenzake alitaka migomba ile kwa wanawe. Wakampa siku tatu. Siku ya kuondoka alifunga vyungu viwili, jembe, mkungu wa ndizi na nguo zake katika mzigo mmoja mkubwa, akashindwa kuuinua. Baba alikuwa amesimama pale njiani. Hakuwa na jani siku ile. Aliinama, akauinua, akajitwika kichwani.

Kwetu mwanaume hakubeba mzigo kichwani. Alipita nao mbele ya kigango, mbele ya mabibi waliokuwa sokoni, akashuka nao Moshi mchana kweupe na vyungu vinagongana. Mama jirani alitangulia, mimi nilikuwa nyuma. Vijana kwenye daraja walipiga mbinja, mmoja akauliza mwalimu ameolewa lini. Jasho lilimwingia baba machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Tulipita mji, tukapita maduka ya Wahindi na msikiti, tukafika mahali barabara inapoanza kuelekea Mabogini, kwa shangazi yake, na joto la tambarare linakupiga usoni. Hapo mama jirani akasimama.

"Inatosha. Ushushe."

"Bado ni mbali, mama."

"Nimesema inatosha. Rudi na mtoto, mwalimu."

"Mimi si mwalimu tena."

"Najua," akasema. Akainama, baba akamsaidia kujitwika. Akaenda na hakugeuka nyuma.

Nilipoolewa Moshi mjini, nilishuka Mabogini mara tatu kumtafuta. Mara ya tatu mzee mmoja aliyechimba mifereji ya mpunga aliniambia palikuwa na mama kutoka mlimani, mpole, alikufa kwa homa mwaka wa pili tu. Hakujua walimzika wapi. Juu kule kihamba chake kimegawanywa mara mbili na mara tatu. Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia. Pamejengwa nyumba ya vyumba vinne, na mahali pa kaburi, kwa kadiri ninavyoweza kukisia, pana banda la kuku. Mfongo umekauka. Kijana wa nyumba ile alinisalimia shikamoo kwa adabu, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nimepotea njia kidogo.

Baba aliishi mpaka akawa mzee sana. Alilima, akachunga, akasali kwa kunyamaza, mwishoni kabisa mwa kanisa, na hapo nyuma hakuwa akisubiri mtu wa kumvuta mbele. Siku zake za mwisho nilikaa naye. Alikuwa na hofu. Siwezi kukuficha kwamba alikuwa na hofu kubwa, alinishika mkono kama mtu anayevuka mto. Nikataka kumtuliza. Nikamwambia, "Baba, Mungu aliona ule mzigo ulioubeba mpaka kule chini."

Akafungua macho. "Usiutaje," akasema. "Hapa usiutaje, na nikienda usiutaje."

"Kwa nini, baba?"

"Nikienda na ule mzigo, nitakuwa nimeanza tena."

Alikufa wiki ile. Kwenye mazishi paroko aliniomba, kama mtoto wa kwanza, niseme sifa za marehemu. Nikasimama. Nikasema aliwahi kuwa mwalimu wa dini wa kigango hiki, na kwamba aliacha. Watu walisubiri niendelee. Nikakaa.